Hologramu ya kompyuta, jiwe la mizani la wapima vioo

MKULIMA anayepeleka pamba au korosho kwenye kituo cha ununuzi anajua kwamba macho yake yanapaswa kuwa kwenye mizani. Mzigo unaweza kuwa mzuri, mkavu na safi, lakini kama mizani imechezewa, jasho la msimu mzima linaishia mfukoni mwa mtu mwingine. Ndiyo maana maofisa wa vipimo hupita wakikagua mizani kwa mawe yao wenyewe, mawe ambayo nayo yamekaguliwa kwa mawe mengine yanayotunzwa kwa uangalifu zaidi.

Swali la nani anayekipima kipimo si la sokoni peke yake. Mwaka 1990 liliibuka angani, kilomita 600 hivi kutoka ardhini, na likaigharimu Marekani fedha nyingi pamoja na aibu ambayo haijasahaulika hadi leo. Katika juhudi za kuhakikisha aibu hiyo hairudiwi, wataalamu wa vioo waliipa nafasi kubwa zaidi zana moja ambayo wengi hawajawahi kuisikia: kipande cha kioo bapa kilichochorwa mistari na kompyuta, kinachoitwa hologramu.

Washa tatu za dukani

Aprili 24, 1990 chombo cha Discovery kiliruka kutoka Florida kikiwa kimebeba darubini ya Hubble, mali ya Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA). Darubini hiyo ilikuwa imegharimu dola bilioni 1.5 hivi. Moyo wake ni kioo chenye upana wa mita 2.4, kilichosuguliwa na kung'arishwa na kampuni ya Perkin-Elmer huko Danbury, Connecticut, kazi iliyokamilika mwaka 1981.

Picha za kwanza zilipofika, nyota zilionekana na ukungu pembeni. Mafundi walidhani ni suala la kurekebisha tu, kama mtu anavyozungusha kamera hadi picha ikae sawa. Wakazungusha kwa majuma kadhaa. Mwezi Juni mwaka huo NASA ikalazimika kutangaza kwamba tatizo lipo kwenye kioo chenyewe. Badala ya asilimia 70 ya mwanga wa nyota kukusanyika katikati ya nukta kama ilivyotakiwa, ni asilimia 15 hivi tu iliyofika hapo.

Kinachoshangaza ni kwamba kioo hakikufanywa na wazembe. Kilikuwa miongoni mwa vioo laini kuliko vyote vilivyopata kutengenezwa duniani. Kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa, ila kikapewa umbo lisilo lake. Ukingo wake ulikuwa umeliwa zaidi kwa mikroni 2 hivi. Unywele wa mtu una unene wa kati ya mikroni 50 na 100, hivyo msomaji anaweza kukadiria mwenyewe ni kitu kidogo kiasi gani kilichoiangusha darubini nzima.

NASA iliunda kamati ya uchunguzi chini ya Lew Allen, jenerali mstaafu wa Jeshi la Anga la Marekani, na taarifa yake ikatoka Novemba 1990. Wachunguzi walipofika kiwandani walikuta kifaa kilichotumika kupima kioo bado kipo kama kilivyoachwa miaka karibu 10 nyuma. Kifaa hicho kilikuwa na vioo viwili vidogo na lenzi moja, na kazi yake ilikuwa kuupinda mwanga ili ulingane na umbo linalotakiwa la kioo kikubwa. Kila kitu ndani yake kilitegemea umbali kati ya lenzi na vioo hivyo.

Umbali huo ulipimwa kwa fimbo maalumu ya chuma isiyobadilika urefu ovyo kwa joto. Mwanga wa leza ulitakiwa upite kwenye tundu dogo la kofia iliyovikwa kichwani mwa fimbo, ugonge ncha ya fimbo na kurudi. Rangi nyeusi iliyopakwa juu ya kofia ilikuwa imebanduka mahali, na leza ikagonga kofia badala ya ncha. Lenzi ikakaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Mafundi walipoona lenzi haifiki pale kipimo kinapotaka, hawakujiuliza kwa nini. Walichukua washa tatu za kawaida, zile zinazouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, wakaziweka chini kuziba pengo.

Palikuwa na onyo. Vifaa vingine viwili vilivyotumika kiwandani hapo hapo vilionyesha kwamba kioo kina kasoro. Matokeo yake yakawekwa kando kwa hoja kwamba vifaa hivyo havina usahihi kama wa kile kikubwa. Ni sawa na mfanyabiashara mwenye mizani mpya ya bei mbaya kukataa kusikiliza mizani mbili za zamani zinazosema kitu kimoja, eti kwa sababu ni za zamani.

Uchungu zaidi ni kwamba kioo cha pili kilikuwepo. Kampuni ya Kodak ilikuwa imetengeneza cha akiba, chenye umbo sahihi. Hakikuruka kamwe, kiliishia kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwaka 1993 Perkin-Elmer pamoja na kampuni iliyokuwa imekinunua kitengo chake hicho walikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25. Desemba mwaka huo huo wanaanga walipanda hadi kwenye darubini, wakatoka nje mara tano, na kuiwekea vioo vidogo vya kurekebisha kasoro pamoja na kamera mpya. Hapo ndipo Hubble ilipoanza kuona vizuri.

Kwa nini umbo hili ni gumu

Mtu anaweza kuuliza: kwani kioo kilichopinda kina ugumu gani wa kupima? Jibu liko kwenye aina ya mpindo wenyewe.

Chukua vipande viwili vya kioo, weka mchanga mlaini na maji katikati, sugua kimoja juu ya kingine kwa muda mrefu ukizungusha huku na huko. Bila kupima chochote, kimoja kitabonyea na kingine kitabinuka, na vyote viwili vitaelekea kuwa sehemu ya mpira. Ni umbo pekee lililopinda ambalo nyuso mbili zinaweza kuteleza kila upande zikiwa bado zinagusana. Kwa sababu hiyo fundi wa miaka 300 iliyopita aliweza kulitengeneza.

Lakini kioo chenye umbo la mpira hakikusanyi mwanga wote mahali pamoja. Mwanga unaogonga ukingoni unakutana mbele kidogo ya ule unaogonga katikati. Dishi la televisheni na kikombe cha ndani cha taa ya gari havina umbo la mpira kwa sababu hiyo hiyo. Vina mpindo unaozidi kulala kadiri unavyokwenda ukingoni. Darubini nayo inataka mpindo wa aina hiyo, na hapo mchanga haujipimi tena wenyewe. Fundi lazima asugue hapa zaidi, pale kidogo, huku akipima kila mara.

Kipimo kinachotumika hakigusi kioo. Ni mwanga. Mwale wa leza hugawanywa mara mbili. Nusu huenda kwenye uso wa kulinganishia, nusu huenda kwenye kioo kinachopimwa, kisha zote hurudi na kukutana. Aliyewahi kutupa mawe mawili bwawani ameona jinsi mawimbi yanavyopandana, mahali pengine yakikuzana na pengine yakiuana. Mwanga nao hufanya hivyo, na matokeo yake ni mistari ya giza na mwanga inayoonekana kwenye kamera. Kifaa hiki huitwa intaferomita. Kwa leza nyekundu inayotumika sana, hatua ya kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni tofauti ya nanomita 316 kwenye uso wa kioo. Nanomita 1,000 ni mikroni moja.

Kwa uso wenye umbo la mpira mistari hutoka michache, imenyooka na kusomeka. Kwa uso wa darubini kubwa mistari hujaa maelfu kwa maelfu hadi kamera inaona kijivu kitupu. Ndipo inapohitajika kitu cha katikati, cha kuupinda mwanga kwanza ufanane na umbo linalotarajiwa, ili kioo kikiwa sahihi mistari inyooke, na kikiwa na kasoro kasoro peke yake ionekane. Kitu hicho cha katikati ndicho kilichowaponza watu wa Danbury.

Picha ya kitu kisichokuwepo

Hologramu ya kawaida wengi wameiona: ile picha inayong'aa rangi rangi kwenye kadi ya benki. Aliyeivumbua ni Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, mwaka 1947. Ilimpatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1971. Kimsingi ni rekodi ya mawimbi ya mwanga yaliyotoka kwenye kitu fulani. Ukiiangazia, mawimbi yale yale yanazaliwa upya, kana kwamba kitu bado kipo mbele yako.

Mwaka 1966 Adolf Lohmann, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya IBM huko California, pamoja na mwenzake B. R. Brown walionyesha kwamba kitu chenyewe si lazima kiwepo. Kompyuta inaweza kukokotoa mawimbi ambayo yangetoka kwenye kitu hicho, kisha mashine ikachora mistari yake kwa kalamu kwenye karatasi, na mchoro ukapunguzwa kwa kupigwa picha hadi ukawa mdogo sana. Mwanga ukipita hapo unatoka umebeba umbo la kitu ambacho hakijawahi kuwepo popote isipokuwa kwenye hesabu.

Kwa mpima vioo hiyo ni sawa na kuletewa kioo kamilifu kilichoshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1971 A. J. MacGovern na James Wyant walichapisha maelezo ya kutumia hologramu hizo kupima nyuso zisizo za umbo la mpira. Fundi akiwa na hesabu ya umbo analolitaka, kompyuta inamchorea kipimo chake.

Siku hizi hakuna kalamu. Mistari huchorwa juu ya kioo bapa chenye utando mwembamba wa kromu, kwa mashine zile zile za miale ya elektroni au leza zinazochora ramani za chipu za kompyuta. Kwa jicho kioo hicho ni kama sahani yenye duara zinazong'aa kidogo, lakini kina maelfu ya mistari iliyopinda, kila mmoja mahali pake.

Hapa kuna hesabu inayofaa kuangaliwa, maana ndiyo inayoeleza kwa nini zana hii inaaminika. Tuseme mistari imeachana kwa mikroni 20, na mashine imekosea kuweka mstari mmoja kwa sehemu ya kumi ya mikroni. Kosa hilo ni sehemu moja ya 200 ya nafasi kati ya mistari, na mwanga nao unakosea kwa sehemu moja ya 200 ya wimbi lake, yaani nanomita 3 hivi. Hakuna fimbo ya kupimia umbali, hakuna kofia ya kubanduka rangi ndani ya hologramu yenyewe. Kuna mistari tu, na mistari inaweza kukaguliwa kwa darubini ndogo.

Haina maana kwamba haina matatizo. Mwanga ukipita kwenye hologramu hugawanyika kwenda njia kadhaa kwa mpigo, na mchoraji lazima aiinamishe hesabu yake ili mwanga usiotakiwa uende pembeni na kuzuiwa. Hologramu ikiwekwa mshazari kidogo tu inatoa jibu la uongo, kwa hiyo kwenye kioo hicho hicho huchorwa alama nyingine za pembeni za kuielekeza iwekwe sawa. Hewa ya chumba ikichezacheza, mistari nayo inacheza. Tena kila hologramu ni ya umbo moja tu, kama kalibu ya kiatu cha mteja mmoja. Ukibadilisha umbo, unaagiza nyingine.

Baada ya aibu ya Hubble, James Burge wa Chuo Kikuu cha Arizona alifanya jambo ambalo ofisa yeyote wa vipimo angelielewa mara moja. Kwenye miaka ya 1990 alitengeneza hologramu ambayo haipimi kioo. Inakipima kile kifaa kinachopima kioo. Inawekwa mbele ya kifaa na kuurudisha mwanga vile vile ambavyo kioo kikubwa kamilifu kingeurudisha. Kama kifaa kina lenzi iliyokaa milimita 1.3 nje ya mahali pake, kinaumbuka hapo hapo, kabla ya fundi kugusa kioo chenyewe. Kwa lugha ya sokoni, hilo ndilo jiwe la mizani.

Tanuri chini ya uwanja wa mpira

Mji wa Tucson, Arizona, ndiko kazi hii inakoonekana kwa ukubwa wake wote. Chini ya majukwaa ya mashariki ya uwanja wa mpira wa chuo kikuu kuna karakana ya vioo iliyoanzishwa na Roger Angel, mwanasayansi mwenye asili ya Uingereza. Angel alianza kwa kuyeyusha vibakuli viwili vya pyrex kwenye tanuri nyuma ya nyumba yake, kuona kama vitashikana. Vilishikana. Leo tanuri ya karakana hiyo huyeyusha karibu tani 20 za kioo kutoka Japani kwa mpigo mmoja.

Kioo hakijazwi kizima. Ndani kina vyumba kama sega la nyuki, ili kiwe chepesi na kipoe haraka usiku unapoingia. Tanuri nzima huzunguka wakati kioo kimeyeyuka kwa joto la nyuzi 1,165, na kama maji kwenye ndoo inayozungushwa, kioo hubonyea katikati na kupanda pembeni. Hivyo umbo linakaribia kupatikana kabla hata ya kusugua, na tani nyingi za kioo haziendi kwenye vumbi. Kupoa peke yake huchukua miezi mitatu hivi.

Karakana hiyo inatengeneza vioo saba, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 8.4, kwa ajili ya Darubini Kubwa ya Magellan inayojengwa Las Campanas, nchini Chile. Kimoja kitakaa katikati na sita vitakizunguka kama petali za ua. Vile sita vya pembeni ndivyo vilivyowatoa watu jasho. Kila kimoja ni kipande cha pembeni cha bakuli kubwa la upana wa mita 25, kwa hiyo hakilingani upande na upande. Kimejikunja kama kipande cha viazi kilichokaangwa. Kinatofautiana na umbo la mpira kwa milimita 14, na milimita 14 kwa watu wanaohesabu nanomita ni mlima.

Ili kukipima ilibidi ujengwe mnara wa mita 28 ndani ya karakana. Juu yake kimening'inizwa kioo kingine cha mita 3.75, kimeinamishwa, ambacho nacho kilitengenezwa hapo hapo kwa ajili ya kipimo tu. Mwanga wa leza huanzia kwenye intaferomita, hupita kwenye hologramu, hugonga kioo kidogo, kisha kile cha mita 3.75, ndipo ushuke kwenye kioo kinachopimwa na kurudi njia hiyo hiyo. Vioo vile vya juu hufanya kazi kubwa ya kuupinda mwanga, na hologramu, ambayo mtu anaweza kuibeba mkononi, hufanya ile ya mwisho iliyo ngumu.

Biashara yake

Soko la hologramu za kupimia ni dogo lakini wateja wake hawana pa kwenda kwingine. Vipande 18 vya kioo cha darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, vilipimwa kwa njia hii wakati vikisuguliwa huko Richmond, California. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani hutumia hologramu za aina hiyo katika kupima lenzi na vioo vya usahihi wa juu, na ni Zeiss inayotengeneza lenzi na vioo vya mashine za ASML za Uholanzi zinazochapa chipu. Hivyo mashine za chipu zinachora hologramu, na hologramu nazo zinasaidia kutengeneza mashine za chipu. Simu anayotumia mfanyabiashara kutuma fedha imetokana na mzunguko huo.

Kwa lenzi ndogo za plastiki za kamera za simu hali ni tofauti. Huko kinachopimwa zaidi ni kalibu, na mara nyingi hutumika sindano inayotembea juu yake. Hologramu ni ghali kwa kitu kinachobadilishwa umbo kila toleo jipya.

Wyant mwenyewe ni mfano wa msomi aliyejua kuuza. Miaka ya 1980 akiwa profesa Tucson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya WYKO iliyotengeneza intaferomita. Fedha hazikutoka kwenye darubini. Zilitoka kwa watengeneza diski za kompyuta, ambao walihitaji kujua kama vichwa vya kusomea diski vimesuguliwa sawa. Kampuni ya Veeco iliinunua WYKO mwaka 1997. Mwaka 2019 chuo kikuu kilikipa kitivo chake cha taaluma ya mwanga jina la Wyant, ambaye alifariki Desemba 2023.

Kioo cha kwanza cha Magellan kilimiminwa mwaka 2005 na kikakamilika mwaka 2012, uso wake ukiwa ndani ya nanomita 20 hivi za umbo lililotakiwa. Miaka hiyo saba haikwenda kwenye kusugua peke yake; mnara na vipimo vyake navyo ilibidi vibuniwe. Na safari hii hakuna aliyekubali kuamini kipimo kimoja. Pembeni ya hologramu kilitengenezwa kipimo kingine kisichoshirikiana nayo kifaa chochote, kinachopitisha mwale mwembamba wa leza juu ya uso wa kioo, mahali baada ya mahali, na kuangalia mteremko wake. Kingine kilitumia leza ya kupima umbali, kama wapima ardhi wafanyavyo. Majibu yalilingana. Kioo cha saba kilimiminwa Oktoba 2023, na kitapita kwenye kazi ya kusuguliwa na kupimwa kwa miaka kadhaa kabla ya kufungwa kwenye sanduku kuelekea Chile.